Miaka Kumi na Tisa ya Mama Jalada

Mzazi akisimama kwenye kaunta ya steshenari yetu na fomu ya mwanawe mkononi, huuliza swali lilelile: digrii ya saikolojia inachukua muda gani? Binti wa kaka yangu, mwenye duka, humjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mashine ya kubaindi.

"Miaka mitatu. Minne ukiwa na mkosi."

Hasemi kwamba yeye mwenyewe imemla miaka kumi na tisa. Nami ninayeketi nyuma yake kwenye kiti cha plastiki sisemi kitu, kwa sababu kadhaa kati ya miaka hiyo ni mimi niliyemponza.

Wanafunzi wanamwita Mama Jalada. Duka liko mkabala na lango la chuo: mashine mbili za fotokopi, moja nzima na moja mgonjwa, kisu cha kukatia karatasi chenye mpini mrefu, kompyuta tatu, na rafu ya majalada magumu yaliyopangwa kwa rangi. Kijani ni ya kilimo, buluu ya uhasibu, damu ya mzee ya saikolojia. Ikifika miezi ya tasnifu, foleni huanzia mlangoni petu na kukunja kona kwenye duka la miwani, na humo ndani kote hunuka gundi, jasho na hofu.

Mimi nilikuwa mpanga herufi. Miaka thelathini na minne nilisimama mbele ya kasha la herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, nikiokota herufi moja moja kwa vidole. Shule niliiacha darasa la nne. Nilichosoma nilikisoma hapo, kinyumenyume kama herufi za chapa zinavyokaa, kutoka katika vitabu vya watu wengine. Tulikuwa na utaratibu. Kabla ukurasa haujaingia mashineni watu wawili walikaa, mmoja akausoma kwa sauti mpaka nukta na mikato, mwenzake akafuata kwa kalamu. Sentensi mbovu haikutoka mlangoni, hata kama aliyeiandika ni waziri. Siku hizi kiwanda ni ukumbi wa harusi, na watu wanakata viuno palipokuwa na kasha langu.

Mama Jalada alikuja kwangu akiwa msichana, kujifunza kupiga taipu, nami nikamfundisha na huo utaratibu. Hilo ndilo kosa langu. Ningemfundisha kupiga taipu tu, leo angekuwa profesa.

Alipofungua duka, wanafunzi walianza kumletea tasnifu awachapie. Yeye alisoma alichokichapa, jambo ambalo wachapaji wa leo hawana habari nalo. Siku moja akaja msichana wa saikolojia anatiririkwa na machozi, kazi yake imerudishwa mara tatu. Mama Jalada akasoma kurasa kumi, akavua miwani.

"Mwanangu, hapa ulitaka kusema nini?"

"Sijui, dada. Nilitaka iwe ndefu."

Akamketisha, akamuuliza maswali, akamsikiliza, kisha akamwandikia upya sentensi ya kwanza: *Utafiti huu haudai kumjua binadamu, unadai tu kumsikiliza kwa makini kuliko jana.* Akaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Msichana alifaulu, tena kwa alama za juu, na mwalimu wake akaipigia mstari sentensi ile na kuandika pembeni, "Safi sana." Mwaka uliofuata walikuja kumi na mmoja. Wote waliitaka sentensi ileile na wote wakaipata, maana mtu akishapata sentensi nzuri aipeleke wapi?

Baada ya miaka kumi alikuwa ameisoma saikolojia kuliko walimu. Wao walizisoma tasnifu za wanafunzi wao tu, yeye alizisoma zote. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mjane mwenye binti mmoja wa darasa la tatu, siku aliponiambia, "Baba Mdogo, na mimi naenda kujiandikisha."

"Na duka hili utamwachia nani?"

"Simwachii mtu. Si navuka barabara tu?"

Kuvuka barabara ile kukamchukua miaka kumi na tisa.

Alisoma jioni, somo moja au mawili kwa muhula. Mwaka wa tatu faili lake likapotea masjala, akawa mwanafunzi asiyekuwepo: anaingia darasani, anafanya mtihani, anafaulu, lakini hayupo. Lilionekana baada ya miaka miwili chini ya mguu wa meza ya karani, limekunjwa mara nne ili meza isiyumbe. Karani akagoma kulitoa.

"Mama, ukilichukua hili mimi nitaandikia wapi?"

Ilibidi Mama Jalada arudi dukani akamkatie kipande cha jalada gumu. Meza ikatulia kuliko ilivyotulia na faili, karani akashukuru, na mwanafunzi akaanza kuwepo.

Halafu idara ikabadilisha jina. Kutoka Saikolojia ikawa Saikolojia na Tabia. Miaka michache mbele ikawa Sayansi ya Akili na Jamii. Kisha ikarudi kuwa Saikolojia, na ubao ule wa kwanza ukatolewa stoo na kufutwa vumbi. Kila jina lilikuja na sharti kwamba wote wasome upya somo la Utangulizi. Mama Jalada alitangulizwa mara nne. Mara ya nne aliyefundisha alikuwa msichana ambaye tasnifu yake tuliibaindi sisi. Mama Jalada alikaa mstari wa mbele, na mwalimu alipokwama alimtolea jibu kwa kunong'ona.

Sasa sikiliza hesabu ya chuo. Kanuni ilisema alama za masomo hufa baada ya miaka kumi. Kwa kila badiliko la jina, mwanafunzi aongezewe mitatu ya kumfuta machozi. Jumla kumi na tisa. Miaka hiyo ilikuwa inakwisha Desemba iliyopita, Ijumaa ya mwisho ya kazi, saa kumi jioni. Ikifika saa kumi hajafaulu, masomo yake arobaini na moja yanafutwa na anarudi Utangulizi kwa mara ya tano, akiwa na miaka hamsini na minane.

Katikati ya safari hiyo binti yake alimaliza shule, akaingia idara hiyohiyo, akasoma miaka mitatu na kutoka. Mama alihudhuria mahafali akiwa mzazi. Mhadhiri mmoja alimpa mkono na kumwambia, "Hongera, mama. Na wewe ungesoma ungefika mbali." Leo binti huyo ni mshauri nasaha hospitalini, ana ofisi na pazia.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, Mama Jalada alikabidhi tasnifu yake. Aliandika juu ya watu walio kwenye foleni: wanavyochagua mstari, wanavyomchukia wa mbele na kumdharau wa nyuma, wanavyoona aibu kuondoka. Kurasa hamsini na nane. Nilizisoma kwa sauti, yeye akafuata kwa kalamu, na nasema bila kumpendelea kwamba sijapanga kitabu kilichonyooka namna ile.

Zamani mtu akitaka kujua kama umeiba, alisoma. Siku hizi kazi inatiwa kwenye kompyuta, inalinganishwa na tasnifu zote za chuo tangu mwanzo, na namba inatoka. Juu ya asilimia ishirini wewe ni mwizi. Kijana anayeiendesha mashine hiyo wanamwita Asilimia, na hana maneno mengi zaidi ya jina lake.

"Tisini na moja," akasema.

"Ya nini?" Mama Jalada akauliza.

"Ya wizi. Hiyo ni rekodi, mama. Aliyekuwa anaongoza alipata themanini na nne, na yeye alinakili kitabu kizima pamoja na shukrani kwa mke wa mwandishi."

Tukaitwa kwa Mkuu wa Idara. Nilimsindikiza. Mkuu ni mtu wa miaka hamsini, suti ya kijivu, adabu zake zimetimia.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

"Karibuni viti. Mama, umeiba." Akageuza karatasi ndefu. "Umeiba kutoka kwa watu mia mbili na kumi na wawili. Hata sentensi ya kwanza! 'Haudai kumjua binadamu.' Imo kwenye tasnifu zote hizi. Huyu namba sabini na nane, mna jina moja la ukoo."

"Ni mwanangu wa kumzaa."

"Umemwibia mwanao?"

"Ndivyo karatasi inavyosema."

Mkuu akatikisa kichwa, akateremsha kidole kwenye orodha ili atuoneshe ukubwa wa jinai. Kidole kikafika namba mia mbili na tisa, kikasimama. Nilinyoosha shingo. Nimesoma kinyumenyume maisha yangu yote. Jina lililokuwa pale lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wa mwanzo.

Akamtazama Mama Jalada. Mama Jalada akamtazama.

"Bwana Mkuu," nikaanza, "si wewe mwenyewe uliyeletwa dukani na—"

Mama Jalada akanikanyaga mguu, kisigino chote.

"Naomba mwongozo," akasema.

Mkuu alikunja ile orodha polepole na kuitia kwenye droo. "Andika upya, mama. Kwa maneno yako mwenyewe."

"Hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe."

"Najua," akasema, kisha akaona amesema nini, akakohoa. "Basi andika kwa maneno ya mtu mwingine."

Nje, nikichechemea, nilimwuliza kwa nini ameninyamazisha.

"Baba Mdogo, nikisema ni zangu, za wale wote zinafutwa. Watu mia mbili wako makazini. Na mwanangu kesho atarudi dukani kukata karatasi. Utafurahi?"

Basi tukaanza kazi ambayo sikuwahi kudhani nitaifanya chini ya jua: kuharibu.

Alikuwa hajui pa kuanzia. Mtu aliyezoea kunyoosha, mwambie apinde uone. Siku ya kwanza alibadili sura nzima, na ilipomfikia Asilimia ikasoma themanini na tisa, kwa kuwa badala ya sentensi zake za mwaka juzi ameweka za mwaka wa kabla ya huo. Binti yake alikuja Jumamosi kutusaidia, akavua viatu, akakaa juu ya rimu za karatasi.

"Mama, usiandike unachofikiri. Andika kama mtu anayekwepa kusema."

"Nitakwepaje, na nataka kusema?"

"Chukua neno, lizungushe. Foleni ni nini?"

"Foleni ni foleni."

"Hapana. Ni mstari wa watu waliosimama wakitazamana visogo."

Tulicheka mbavu zikauma. Subira ikawa *hali ya kutoondoka ingawa mhusika angependelea kuondoka*. Binadamu akawa *kiumbe avaaye viatu*. Karani wa dirishani akawa *mtu aliye upande wa pili wa tundu*. Kurasa hamsini na nane zikawa tisini, zikawa mia na kumi, na namba ya Asilimia ikashuka sabini na moja, hamsini, thelathini na sita. Kila iliposhuka tulipigana viganja kama watoto.

Sura ya tatu kicheko kilikwisha. Humo mlikuwa na ukurasa juu ya mwanamke aliyekuja kupanga foleni kila Jumanne kwenye ofisi ya vyeti, hali hana cheti anachotaka. Akifika dirishani alisema amekosea, akaenda zake. Alikuja kusimama na watu. Ukurasa ule haukufanana na wa mtu yeyote. Mama Jalada alikuwa amemfuata yule mama Jumanne tisa.

"Huu uache," nikamwambia. "Huu mashine haina neno nao."

"Mashine haina neno. Wasomaji je? Ukurasa mmoja mzuri katikati ya takataka, watasema huo ndio nilioiba."

Akauharibu. Ulimchukua asubuhi nzima, na hakutaka nikae karibu.

Mwanzoni mwa Desemba, kurasa mia na thelathini na tatu zilikwenda kwa Asilimia, naye kwa mara ya kwanza alionesha meno. "Kumi na mbili, mama! Hii ndiyo kazi halisi."

Ikapelekwa kwa mtahini wa nje, mtu wa chuo kingine asiyetujua wala hatumjui. Ripoti yake ilirudi zikiwa zimebaki siku nne. Aliandika kwamba mawazo ni mapya kabisa na kwamba hajawahi kuona mtazamo kama huo juu ya kiumbe avaaye viatu. Lakini lugha, alisema, inatisha. Anampitisha kwa sharti moja: kazi irekebishwe lugha na mrekebishaji anayetambulika, na barua ya mrekebishaji huyo iletwe ikiwa na saini na mhuri. Mwishoni akaongeza, kwa wema: "Nimearifiwa lipo duka mkabala na lango la chuo, na mama wa pale anasifika."

Mama Jalada aliisoma ripoti akaketi juu ya mashine ya fotokopi, ile mgonjwa.

Akirekebisha, namba inarudi tisini na moja. Asiporekebisha, hakuna barua. Na barua hawezi kujiandikia, kwani mwandishi haruhusiwi kujithibitisha. Akanigeukia. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Hapana," nikasema.

"Baba Mdogo, wewe unatambulika. Nusu ya walimu wale wamesoma shuleni vitabu ulivyovipanga."

"Ndiyo maana nasema hapana. Miaka thelathini na minne nilikuwa natia herufi zangu mbili chini ya kila ukurasa niliousoma. Sijapata kutia pasipo kusoma, wala penye kosa. Hiki nacho ni nini? Hii si lugha, hii ni ajali barabarani!"

"Mimi ndiye niliyegongwa," akasema. "Nina miaka hamsini na minane. Sitarudi Utangulizi. Nikitoka pale safari hii, nimetoka."

Binti yake aliyekuwa mlangoni alisema taratibu, "Babu, ni saini tu."

"Kwenu ni saini tu," nikamfokea. "Kwenu kila kitu ni tu."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, nikakaa na hasira zangu zile ninazozifuga, na nikazikuta zimechoka. Nani mwingine angemfundisha kwamba sentensi mbovu haitoki mlangoni? Kiwanda kilichonifundisha mimi kimeuzwa kwa kilo. Nilikuwa nimempa mtoto wa kaka yangu kitu ambacho hakuna dirisha linalokipokea.

Alhamisi asubuhi nilirudi na sharti langu. "Nitatia saini. Ila kwanza tuisome yote. Barua yangu isije ikasema nimesoma nisichokisoma."

"Kurasa mia na thelathini na tatu?"

"Na nukta zake."

Tukaisoma pale kaunta, mimi kwa sauti, yeye akifuata bila kalamu, kalamu nilimnyang'anya. Wateja walikuwa wamejaa mpaka duka la miwani. Nilipofika *mstari wa watu waliosimama wakitazamana visogo*, mmoja nyuma alicheka, na kicheko kikapita foleni nzima, kikakunja kona.

"Mama Jalada, hiyo ya nani?" akauliza kijana wa uhasibu. "Huyo atafeli. Mwambie aje umnyooshee."

"Ni yangu," akasema Mama Jalada.

Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mama," na baada ya hapo hakucheka mtu. Walisikiliza hadi mwisho, wengine wamekwisha kuhudumiwa na hawakuondoka. Kwenye ule ukurasa wa Jumanne, au mabaki yake, niliomba maji.

Kisha nikaandika barua. Nikaandika, "Nathibitisha kwamba nimeisoma kazi hii yote," nikaweka kalamu chini.

"Na nimeirekebisha," akasema binti. "Ndilo sharti, Babu."

Niliandika. Maneno mawili, na yote mawili ya uongo. Nikatia saini, Mama Jalada akagonga mhuri wa duka.

Ijumaa saa tisa na nusu tuliingia masjala. Karani alipokea barua, akatazama mhuri, hakusoma hata mstari mmoja, akaitoboa matundu mawili na kuipachika. Tasnifu hakuigusa. Akabonyeza kompyuta, tukasubiri, akabonyeza tena. Saa kumi kasoro dakika saba mashine ikatema barua ya matokeo, karatasi moja.

"Umefaulu, mama. Daraja la mwisho, lakini kufaulu ni kufaulu."

Mama Jalada alisimama dirishani akaisoma. Nilisoma begani kwake. Sentensi ya pili ilikuwa imechapwa mara mbili, na ya tatu ilianza ikaishia njiani, kama mtu aliyeitwa. Nikamwona anafungua mkoba, anatoa kalamu, anaondoa kifuniko.

Karani akainua macho. "Kuna tatizo?"

Mama Jalada akaitazama karatasi, akamtazama karani, akaitazama saa ya ukutani.

"Hakuna," akasema. Akarudisha kifuniko cha kalamu, akaikunja karatasi vilevile ilivyo. "Twende, Baba Mdogo. Nimeacha watu mlangoni."